Kulehemu alumini kwa tochi ya mkono: acha kipande kiyeyushe rodi

Anayelehemu alumini kwa mara ya kwanza huona karibu kila mara jambo lilelile. Rodi inayeyuka vizuri, kisha inajikusanya kuwa tone la mviringo linalobingirika kama maji kwenye jani la mgomba, na kudondoka. Anaongeza moto. Tone la pili linafanya vilevile. Anaongeza tena, na kufumba na kufumbua ukingo wa kipande unalegea na kuzama. Lawama zote hubebeshwa rodi, ingawa rodi haina kosa. Iliyeyushwa na mwali wa tochi, na kipande chenyewe kilikuwa bado hakijawa tayari kuipokea.

Tochi ipashe kipande, na kipande ndicho kiyeyushe rodi. Karibu kila kinachofuata hapa chini ni njia ya kulifanikisha hilo: usafi, umbo la kiungo, mahali pa kuelekeza moto, wakati wa kuuondoa.

Kwa nini alumini ni ngumu

Kuna mambo mawili, na yote mawili hayaonekani kwa macho.

La kwanza ni utando. Alumini ikiguswa na hewa, papo hapo hujifunika kwa utando mwembamba wa oksidi. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini oksidi yake huyeyuka juu ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo huwezi kuuyeyusha utando huo kwa tochi bila kuharibu kipande kwanza. Ni lazima uukwangue au uuyeyushe kwa kemikali, yaani flaksi. Rodi iliyoyeyuka haishikani na oksidi hata kidogo; ndiyo maana hujikunja kuwa tone.

La pili ni joto. Chuma hukupa onyo: hugeuka chekundu, kisha cha machungwa, nawe unajua ulipo. Alumini haikupi rangi yoyote unayoweza kuiona mchana. Inabaki na sura ileile ya kijivu, kisha inaanguka. Pia inapitisha joto haraka zaidi ya chuma cha kawaida, zaidi ya mara tatu, kwa hiyo joto unaloweka mahali pamoja hukimbilia kipande kizima. Ukiwa na kipande kikubwa na tochi ndogo, unaweza kukaa dakika kumi bila kufika popote.

Aina mbili za rodi, na hesabu ya nyuzi

Watu wengi hununua rodi yoyote iliyoandikwa kwamba ni ya alumini. Lakini kuna jamaa mbili zilizo tofauti kabisa, na kuzichanganya ni chanzo cha vipande vingi vilivyoyeyuka.

Jamaa ya kwanza ni rodi za zinki zilizochanganywa na alumini kidogo. Zenye alumini kama asilimia 2 huyeyuka karibu na nyuzi 380. Zenye alumini asilimia 22 hivi huanza kulainika juu kidogo ya nyuzi 420 na kuwa majimaji kabisa karibu na 480. Jumuiya ya wachomeleaji ya Marekani, AWS, huweka mpaka kwenye nyuzi 450: chini ya hapo ni ulehemu laini, juu yake ni ulehemu mgumu. Kwa Kiswahili zote tunaita kulehemu, na kwa kazi ya nyumbani hilo halina ubaya, mradi ukumbuke kwamba kiungo cha zinki hakitavumilia joto kali baadaye.

Jamaa ya pili ni rodi za alumini na silikoni. Inayofaa kwa tochi ni 4047 (namba ya aloi, yaani ya mchanganyiko wa metali), yenye silikoni asilimia 12. Hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 577 na 582, yaani karibu mara moja, na hupenya vizuri kwenye mwanya mwembamba. Kiungo chake ni imara zaidi, kinafanana zaidi na alumini yenyewe na hakiliwi upesi na unyevu. Usiichanganye na 4043 yenye silikoni asilimia 5, ambayo huwa majimaji kamili kwenye nyuzi 632. Hiyo ni ya kuchomelea kwa umeme na haifai kwa kazi hii.

Sasa linganisha na kipande chako. Bati la 3003, ambalo hutumika sana kwenye vibadilisha joto na mabomba membamba, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 643. Ukitumia 4047 una nafasi ya nyuzi 60 hivi. Kwa mkono mtulivu inawezekana. Fremu za milango na madirisha mara nyingi ni 6063, ambayo huanza kuyeyuka karibu na 616. Nafasi imepungua hadi nyuzi 34. Lakini 6061, inayopendwa kwa sababu ya nguvu zake, huanza kuyeyuka kwenye 582, palepale rodi ya 4047 inapomaliza kuyeyuka. Hapo huna nafasi yoyote. Na vipande vya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kama vifuniko vya injini na nyumba za gia, vingi huanza kuyeyuka kati ya 540 na 560. Kipande kitaanguka kabla rodi ya 4047 haijalainika.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: 4047 kwa bati na mabomba ya alumini laini pekee, zinki kwa 6061 na kwa chochote kilichomiminwa. Kwa anayeanza, zinki kwa kila kitu mpaka mkono uzoee.

Hakikisha kwanza kwamba ni alumini

Metali mbili huonekana kama alumini na zote huleta balaa.

Ya kwanza ni aloi ya zinki iliyomiminwa, inayotumika kwenye vitasa, kabureta na vifaa vidogo vya mapambo. Huyeyuka karibu na nyuzi 385, sawa na rodi yako. Itambue kwa uzito: ina gramu 6.6 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini ina 2.7. Kipande kidogo kinachokulemea mkononi kuliko ulivyotarajia, kiache.

Ya pili ni magnesi, na hii ni ya hatari. Vumbi na vipande vyake vyembamba huwaka kwa mwanga mkali sana, na maji huzidisha moto huo. Kwangua sehemu ndogo kwa tupa mpaka ing'ae, kisha dondoshea tone la siki. Magnesi hutoa mapovu papo hapo, alumini hutulia. Kipimo hiki ni cha sekunde kumi, kwa hiyo hakuna sababu ya kukiruka unaposhika kifuniko cha mashine usiyoijua.

Hata alumini halisi ina aina zinazokataa flaksi. Magnesi iliyochanganywa ndani ya aloi hula nguvu ya flaksi. Kufikia asilimia 1 bado unaweza kufanya kazi. Aloi ya 5052 ina zaidi ya asilimia 2 na 5083 ina zaidi ya 4. Hizo ni za baharini na za matangi, nazo kwa tochi husumbua mno. Rodi ya zinki isiyo na flaksi, ikikwanguliwa kwa nguvu, ndiyo yenye uwezekano wa kushika hapo, lakini usitarajie kazi ya kujivunia.

Flaksi

Rodi tupu ya zinki inaweza kufanya kazi bila flaksi, kwa kukwangua peke yake. Ni rahisi kwenye uso ulio wazi na ni vigumu sana kwenye mwanya ambao brashi haifiki. Kwa mabomba na viungo vya kupenyeza, tumia rodi yenye flaksi ndani yake. Flaksi zenye sizi (elementi ya caesium, si masizi ya moshi) huanza kufanya kazi kati ya nyuzi 420 na 480 na zinaendana na rodi za zinki zinazoyeyuka kwenye kiwango hicho. Flaksi ya floridi ya potasi na alumini huyeyuka kati ya 565 na 572, na imekusudiwa 4047. Ukiitumia na zinki, zinki itakuwa imeshayeyuka zamani huku flaksi ikiwa bado ni unga mkavu.

Zipo pia flaksi za kloridi. Zinafanya kazi kwa ukali na hupendwa kwa sababu hiyo, lakini mabaki yake hufyonza unyevu na kula alumini mpaka itoboke. Ukizitumia, osha kiungo kwa maji ya moto na brashi mara mbili au tatu siku hiyohiyo, ndani na nje. Kwenye bomba usiloweza kuosha ndani, usizitumie kabisa. Mabaki ya flaksi za floridi hayali metali. Yanatosha kupigwa brashi.

Tochi na mahali pa kufanyia kazi

Tochi ya kopo moja la propani inatosha kwa kipande cha ukubwa wa kiganja chenye unene wa milimita 3 hivi. Gesi ya propilini hutoa joto zaidi na hufupisha muda, jambo ambalo ni zuri, kwa sababu kadiri unavyokaa motoni ndivyo oksidi inavyonenepa. Tochi ndogo ya butani ya ukubwa wa kalamu ni ya mabomba membamba tu. Kopo lisimame wima au liiname kidogo. Ukiligeuza juu chini, gesi hutoka ikiwa majimaji na mwali hulipuka kuwa mrefu na wa njano.

Zungushia kipande matofali yanayohimili moto, pande mbili au tatu na chini. Matofali hayo yana faida kuliko kununua tochi kubwa. Usifanyie kazi moja kwa moja juu ya sakafu ya zege: unyevu uliomo ndani yake hugeuka mvuke na kurusha vipande. Usikibane kipande kwenye jiliwa kubwa karibu na kiungo, kwani taya zake hunyonya joto lote. Ukilazimika kubana, bana mbali, na weka vipande vyembamba vya stenlesi kati ya taya na kazi. Kipande kikubwa, kwa mfano kifuniko cha injini, kipashe kwanza kwenye oveni au juu ya jiko hadi nyuzi 200 hivi, kisha malizia kwa tochi. Bila hivyo upande mmoja utakuwa na joto na mwingine baridi, na ufa mpya utatokea kando ya ule uliouziba.

Kutayarisha

Mpangilio wa usafishaji una maana. Ondoa mafuta kwanza kwa asetoni au spiriti na kitambaa safi, kisha ndipo upige brashi. Ukianza na brashi, unasugua mafuta kuyaingiza ndani ya mikwaruzo, na hayatoki tena. Acha asetoni ikauke kabisa na uiweke chupa mbali kabla ya kuwasha chochote.

Brashi iwe ya waya wa stenlesi, na iwe ya alumini peke yake. Brashi iliyowahi kusugua chuma huacha chembe za chuma ambazo baadaye hushika kutu ndani ya kiungo. Msasa unafaa pia, wa namba 80 hadi 120, lakini ufuatishe brashi ili kuondoa chembe zilizonasa. Sugua mpaka uso uwe na rangi ya fedha isiyo na mng'ao wa kioo, kisha anza kazi ndani ya dakika chache. Ukisafisha asubuhi na kulehemu jioni, umepoteza usafi wako.

Vipande vilivyomiminwa ambavyo vimekaa kwenye oili miaka mingi vina tatizo la pekee: oili imeingia kwenye vitundu vyake. Vipashe hadi vitoe moshi, viache vipoe, visafishe tena kwa asetoni, rudia mpaka moshi uishe. Wakati mwingine ni mara tatu au nne. Bila hilo, rodi itatokota na kuacha matundu kama sifongo.

Kuhusu umbo, kiungo cha kupandana ndicho kinachokubali kulehemiwa. Vipande vipandane kwa angalau mara tatu ya unene wa kile chembamba. Kwa 4047 acha mwanya wa milimita 0.1 hadi 0.2: ukibana sana rodi haipenyi, ukiacha wazi sana haivutwi. Kuunganisha ncha kwa ncha bila kiraka hutoa kiungo dhaifu, tafuta njia ya kuongeza kipande cha nyuma. Ufa utoboe kwa drili ya milimita 3 kwenye kila mwisho wake, ili usiendelee kukimbia, kisha ufungue kwa tupa kuwa mfereji wa umbo la V wenye kina cha theluthi mbili ya unene. Tundu la sindano lipanue kidogo upate metali safi. Tundu linalozidi milimita 4 liwekee kiraka; kulijaza kwa rodi tupu ni kupoteza rodi.

Kazi yenyewe, kwa rodi ya zinki

Washa tochi na uweke ncha ya koni ya buluu iliyo ndani ya mwali umbali wa sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kipande. Zungusha mwali bila kusimama. Anza na sehemu nene, au upande wa nyuma wa kiungo, kwa sababu sehemu nyembamba itapata joto lake kutoka kwa jirani yake. Ukiweza kupasha kutoka chini na kulehemu juu, afadhali zaidi.

Kupima joto bila kipimajoto, chora mstari wa sabuni ya mche sentimita 2 kutoka kwenye kiungo, usiuguse mwanya wenyewe. Mstari ukigeuka kahawia na kisha mweusi, umekaribia nyuzi 400. Kijiti kikavu kikiburutwa juu ya uso na kuacha alama ya kahawia kinakuambia habari ileile. Baada ya hapo, rodi yenyewe ndiyo kipimo bora. Ondoa mwali, gusa kipande kwa rodi, isugue. Ikiacha mchoro mkavu, bado. Ikinata na kukwama, karibu. Ikipakaa kama nta kwenye sahani ya moto, wakati umefika. Usiilete rodi ndani ya mwali hata kwa sekunde moja. Kosa hili ndilo linalozaa tone.

Ukishapata kidimbwi kidogo cha rodi, kikwangue. Ingiza brashi ya stenlesi au ncha ya kijiti cha stenlesi ndani ya majimaji na usugue alumini iliyo chini yake. Unavunja oksidi mahali ambapo hewa haifiki, na rodi inashika palepale. Utaona majimaji yakiacha kuwa na kingo za mviringo na kutandaza, yaking'aa kama kioo. Fanya hivyo kwa kila uso, vipande vyote viwili, vikiwa bado vimetengana. Kisha viweke pamoja, vipashe tena, na rodi ya pande zote itaungana. Sogeza kipande cha juu milimita moja au mbili mbele na nyuma ili kuvunja utando uliobaki, ongeza rodi ukingoni, ondoa moto, tulia.

Hapo pa kutulia ndipo wengi huharibu. Rodi nyingi za zinki hupitia hali ya uji kabla ya kuganda. Ukigusa kipande wakati huo, kiungo hupata nyufa ndogo usizoziona. Hesabu dakika moja kamili bila kukigusa, na kwa kipande kinene zaidi. Usimwagie maji ili kipoe haraka.

Kwa 4047 na flaksi

Hapa flaksi ndiyo inayozungumza. Changanya unga na maji kidogo au spiriti uwe rojo, paka nyembamba kwenye kiungo na kwenye ncha ya rodi. Pasha taratibu mpaka maji yakauke na unga ubaki mweupe. Endelea kupasha metali iliyo kando, usiuelekeze mwali kwenye flaksi. Itakuwa ya kijivu, halafu kwa ghafla itageuka angavu kama maji na kuenea. Wakati huohuo gusa rodi ukingoni. Nafasi uliyo nayo kati ya hali hii na kipande kuanguka ni sekunde chache, kwa hiyo mkono wa tochi uwe tayari kuondoka.

Majimaji ya rodi hufuata joto. Ukitaka yapenye upande wa pili, gusa rodi upande huu na pasha upande ule. Ukiipasha rodi palipo na mkono wako, itarundikana palepale.

Flaksi ikigeuka ukoko wa kahawia kabla rodi haijapita, imekwisha. Kuongeza flaksi mpya juu ya ukoko hakusaidii. Acha kipoe, kwangua mpaka metali safi, anza upya.

Alumini na kopa

Kazi hii hutafutwa sana kwa sababu ya mabomba ya friji na viyoyozi. Hatari yake ni kwamba alumini na kopa zikikutana kwenye joto huyeyushana kwenye nyuzi 548, chini kabisa ya kiwango cha kila moja peke yake. Ukizidisha, bomba la alumini linatoboka pembeni mwa kiungo huku kopa ikiwa haina alama. Kwa sababu hiyo 4047 haifai. Tumia rodi ya zinki yenye flaksi ya sizi.

Bomba la alumini liwe nje na la kopa liingie ndani, kwa kina cha milimita 10 hivi. Alumini hutanuka zaidi kwa joto kuliko kopa: ikiwa nje, inafungua mwanya wakati wa kupasha na kuubana wakati wa kupoa. Elekeza mwali kwenye kopa, kwa sababu yenyewe huvumilia hadi 1,085, na acha joto litembee kuingia kwenye alumini. Sekunde 15 hadi 30 kwa bomba la milimita 6 au 8 zinatosha. Kiungo kikipoa, kifunike kwa rangi au mpira wa kusinyaa kwa joto, kwani metali mbili tofauti zikilowa maji pamoja, alumini ndiyo inayoliwa.

Kabla ya yote hayo, gesi ya friji iwe imetolewa yote kwa mashine ya kuikusanya, na mfumo uwe wazi ncha zote mbili. Friji nyingi za sasa hutumia R600a, ambayo ni isobutani na inawaka. Gesi nyingine nyingi hazilipuki, lakini zikipita kwenye mwali hutoa asidi ya kuunguza mapafu. Kupima uvujaji tumia naitrojeni na povu la sabuni. Oksijeni isitumike kamwe: ikikutana na oili ya kompresa chini ya mgandamizo, hulipuka.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake

Tone lisiloshika: kipande hakijapata joto au kina oksidi. Rodi ikishika upande mmoja tu, ule mwingine ulikuwa baridi. Mara nyingi ni ule mnene. Matundu madogo kama ya mkate ni mafuta, unyevu wa flaksi au joto lililozidi. Uso wenye chembechembe na kingo zinazobanduka kwa ukucha maana yake rodi ililala juu bila kuingia, kwa kawaida kwa sababu hukukwangua chini ya kidimbwi. Kipande kikianza kung'aa kama kimelowa mahali ambapo hujaweka rodi, ondoa moto papo hapo: ni kipande chenyewe kinachoanza kuyeyuka.

Mahali ambapo kulehemu hakufai

Joto la kulehemu hulainisha alumini iliyokuwa imekazwa. 6061 yenye ukakamavu wa T6, yaani iliyokazwa kwa joto, huanza kurefuka bila kurudi ilivyokuwa kwenye mkazo wa megapaskali 276. Ikilainishwa kabisa, hiyo hushuka hadi karibu 55. Kwa hiyo hata kiungo kikishika vizuri, metali iliyo kando yake haina nguvu zile za mwanzo. Fremu za baiskeli, rimu, mikono ya usukani, ngazi, vifaa vya kuinulia mizigo: usiviguse kwa tochi. Tangi lililowahi kuwa na petroli lina mvuke hata likionekana kavu, nalo huua. Kitu chochote kilichofungwa pande zote kitoboe tundu kwanza, kwani hewa iliyonaswa ndani hutanuka na kupasua.

Vyombo vya kupikia pia viache. Chombo kikikaukiwa jikoni hupita nyuzi 380 bila shida, na chakula chenye ukali kama wa ndimu huyeyusha zinki. Na kama kipande kitapelekwa kutiwa rangi kwa umeme kwenye asidi, 4047 itatoka kijivu cheusi na zinki italiwa.

Fanya kazi mahali pa wazi, upepo ukitoka nyuma yako. Moshi wa flaksi za floridi huchoma koo na macho. Zinki iliyopashwa kupita kiasi hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi ya mwili saa chache baadaye. Ukiona moshi huo, umepitiliza joto mbali sana. Vaa miwani na glavu za ngozi, na andika neno MOTO kwa chaki kando ya kipande, maana alumini ya nyuzi 300 na alumini baridi hazitofautiani kwa macho.

Kipande cha majaribio

Kabla ya kugusa kitu chenye thamani, kata vipande vinne vya bati la unene wa milimita 2, upana wa milimita 25 na urefu wa 100. Lehemu viwiliviwili kwa kupandanisha milimita 8. Vikipoa, bana kimoja kwenye jiliwa na ukunje kingine kurudi nyuma kwa plaisi mpaka kiungo kiachane au bati likatike. Bati likikatika kando ya kiungo, uko tayari. Kiungo kikiachana, angalia nyuso zote mbili kwenye mwanga. Rangi ya kijivu ya rodi ikiwa pande zote, kazi ilishika na ulihitaji kupandanisha zaidi. Ukiona mabaka ya alumini tupu yenye mikwaruzo ya brashi bado ikionekana wazi, hapo rodi haikuwahi kugusa metali. Mabaka hayo yakiwa katikati, flaksi au joto havikufika ndani, na yakiwa upande mmoja, ndiyo upande uliokuwa baridi.